Mkono wa Ndani ya Kioo

Nilimwahidi mke wa mgonjwa wangu kwamba siku ya Idi mzee angekula kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya wageni. Nilikuwa na miezi minne tu tangu nihitimu mafunzo ya tiba ya viungo, nami niliamini kwamba ahadi ni sehemu ya dawa.

Mzee aliuza vitenge kwa jumla Kariakoo. Kwao ni Lindi. Kiharusi kilikuwa kimeuua mkono wake wa kulia. Kulishwa hakutaka, na wa kushoto alikataa katakata kuutia kwenye sahani. "Huo kazi yake ni chooni," alisema, huku akikonda.

Nikapanda hadi kwake ghorofa ya tatu na kioo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Chuo chote kile, daktari, unaniletea kioo cha kinyozi?"

Nilikisimamisha katikati ya meza: mkono mfu nyuma yake, mzima mbele. Akaukunjua ule mzima huku akitazama kioo, na humo, kushoto kukionekana kulia, mkono wa kulia ukafumbua vidole. Chini mtaani wasukuma mikokoteni walipiga kelele. Chumbani nilisikia pumzi zake tu.

"Umerudi?" akauuliza.

Mkewe, aliyekuwa akitutazama, alitoka kwa woga. Tangu siku hiyo, kila tulipomaliza zoezi alikifunika kioo kwa kanga.

"Mwanangu," alininong'oneza mlangoni, "jana mchana nilichelewa kukifunika. Mzee kasinzia, mkono huu mzima umetulia tuli. Kwenye kioo kidole kinacheza."

Nilimweleza jinsi macho yaliyochoka yanavyodanganya. Maelezo yalikuwa sahihi, ila kabla ya kushuka nilihakikisha kioo kimefunikwa.

Wiki ya tano mzee aliomba wali uwekwe mbele ya kioo. Akachota kwa kushoto, macho yake yakimfuata yule wa ndani ya kioo aliyechota kwa kulia. Tonge baada ya tonge, kama anayetazama mtu mwingine akila. Niliingiwa na hofu: nilikuwa nimemfundisha kuishi, au kudanganyika?

Kabla sijasema neno, alikilaza kioo kifudifudi. Akautazama mkono wa kushoto wenye punje za wali.

"Miaka sitini nakudharau," aliuambia. "Leo nikikukataa, nitakufa njaa."

Bismillah, akala. Mkono wa kulia ulilala mezani. Kila tonge lilipopanda, kidole gumba chake kilijiinua kidogo, chenyewe.

Siku ya Idi alikaa kwenye sinia pamoja na wageni. Aliponyoosha wa kushoto, mgeni mmoja aliutoa mkono wake, akajifuta. Mzee aliona. Aliendelea kula, polepole, hadi akashiba.

Ukiketi sinia moja na mtu kama huyu, tafadhali, usiutoe mkono wako.