Gunia la Harusi na Kilima cha Kwanza

Wiki hiyo mabasi hayakuwa na petroli, na unga wa harusi ya Arua ulikuwa bado Koboko. Mpagazi mwenye shingo nene alinyanyua gunia kwa pumzi moja, akalitua kwenye baiskeli. Mwenye baiskeli, mtu mwembamba, alikuwa ameshindwa hata kulitikisa.

"Lete baiskeli," mpagazi akamwambia. "Wewe hapana nguvu."

Akaondoka mbio. Mimi, niliyetumwa kuufuata unga huo, nikampakia yule mwembamba nyuma ya baiskeli yangu, tukafuata. Kwenye kilima cha kwanza tulimkuta mpagazi amekaa chini, mkono kifuani.

"Nguvu iko," akasema. "Pumzi ndio hapana."

Mpagazi akapanda nyuma yangu, mwembamba akashika baiskeli yake yenye gunia, akakanyaga polepole mpaka Arua, akipiga soga njia nzima. Kumbe mwili una nguvu mbili: moja huwaka bila kungoja hewa, ikazimika upesi, nyingine hula hewa kidogo kidogo. Ugali tulioula harusini ni wa jasho la wote wawili. Ngoma ilipofika alfajiri, kati yao alikuwa bado anacheza mmoja tu, yule mwembamba.