Ngazi za Ukurasa wa 112

Saa mbili asubuhi, Mama Gundi ameshaketi kwenye stuli yake katika karakana ya kushona vitabu, wembe mkononi. Mbele yake zimerundikana riwaya zilizobaki kati ya zilizorudishwa kutoka madukani. Ameagizwa aukate ukurasa wa 112 katika kila nakala, zote mia sita.

"Miaka kumi na tisa nashona vitabu," ananiambia, nami naandika. "Leo naambiwa nivichane. Mimi?"

Ukurasa wenyewe una kosa gani? Unasimulia mahabusu aliyefia kituo cha polisi. Wakubwa wanasema alianguka kwenye ngazi. Mwandishi anaongeza sentensi moja tu: jengo lile halina ghorofa.

Mama Gundi aliisoma sentensi hiyo akiwa anakunja karatasi, akaurudia ukurasa mzima mpaka akaukariri. Kaka yake, fundi redio, alichukuliwa nyumbani akiwa na kandambili. Siku ya tatu familia ikakabidhiwa maiti na cheti: ameanguka kwenye ngazi. Kituo kipo hadi leo, nyumba ya chini yenye bati jekundu. Kila apitaye anaona hakina ngazi, lakini cheti kina mhuri.

"Tumezunguka ofisi mpaka soli zikaisha. Njoo kesho, njoo kesho. Halafu mtu asiyetujua anatunga hadithi, anasema kweli. Wenye ripoti ndio waongo."

"Kama ni hadithi tu, wanaogopa nini?" aliuliza. Msimamizi wake, mtu mpole mwenye watoto watano, alimsogezea nakala nyingine. "Dada yangu, kata," alimwambia. "Watatufungia."

Basi anakata. Ila walioagiza hawaujui ufundi huu. Kitabu cha kushona, karatasi moja hukunjwa katikati ikawa na pande mbili, uzi ukapita kwenye mkunjo. Ukikata upande mmoja pale pale kwenye mkunjo, wa pili hauna pa kushikwa na uzi, baadaye hudondoka. Dawa yake ni tone la gundi.

Yeye haweki.

"Andika hivyo hivyo. Agizo limesema kata. Gundi halikuitaja."

Nakala za kwanza alizokata zilirudi madukani mwezi uliopita. Sasa wasomaji wanafuata anwani iliyo kitabuni, wanabisha hodi karakanani wakiwa na karatasi iliyodondoka, wakilalamikia kazi mbovu. Mama Gundi anawavutia kiti, anaibandika bure. Na gundi ikikauka, anawasimulia ukurasa uliokatwa, neno kwa neno, kisha anawaelekeza njia ya kwenda kwenye bati jekundu.

"Wameshakuja arobaini na mmoja," anasema. "Nawasubiri wote mia sita. Waende wakazitafute hizo ngazi."