House Iliyoanguka, Home Iliyopika Makande

Moshi wa kuni za miwati zilizolowa una ukali wake: unachoma macho kwanza, ndipo pua ipate zamu. Nikiunusa tu, hata leo na utu uzima huu, narudi kijijini kwetu Vuga, mwaka ule wa mvua zisizo na adabu, nikiwa darasa la sita.

Nyumba yetu ya udongo ilijishikiza ubavuni mwa mlima. Ukuta ulipoanza kupasuka, majirani walikimbilia kutuokolea vitanda na magodoro. Mama yeye alitoka na mafiga, yale mawe matatu ya jikoni, moja moja, bado ya moto, kayashika kwa kanga. Watu wakanong'ona kuwa kachanganyikiwa. Nyumba ikaporomoka, puu! Jioni akayapanga mafiga uani chini ya migomba, akabandika makande, akatuita kama siku zote: "Haya, njooni kaya!" Kaya ndiyo nyumbani kwa Kishambaa chetu.

Wiki iliyofuata mwalimu wa Kiingereza akauliza tofauti ya house na home. Atakayeeleza vizuri angezungumza mbele ya wazazi siku ya kufunga shule. Jamani, niliitaka nafasi ile! Tangu tuhamie ghala la baba mdogo, wenzangu walikuwa wananionea huruma, na huruma ya watoto inaudhi kuliko matusi.

Mmoja akasema home ni house yenye bati. Mwingine akaongeza umeme. Nikanyoosha mkono, na kwa Kiingereza changu cha kuungaunga nikasema: house yetu imeanguka, lakini home yetu jioni ile ile ilipika makande.

Mwalimu akavua miwani.

"Rudia, mwanangu."

Nikarudia, safari hii kwa sauti. Nafasi ikawa yangu.

Siku ya wazazi mama alikaa benchi la nyuma. Tulipotoka akaniuliza, "Ulisema nini kule mbele? Mimi nimeambulia makande tu." Nikamweleza. Akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Kumbe makande nayo ni Kiingereza!"

Wakati ule nilijivunia Kiingereza changu. Ilibidi nami nizae ndipo nielewe kwamba jioni ile mama aliogopa kuliko sisi sote, hana pa kutulaza, hajui kesho itakuwaje. Alibandika chungu ili tuone kwamba pa kurudi papo. Namjivunia mpaka kesho. Wala sikuwahi kumuuliza kama mikono ilimuuma alipobeba mafiga yale.