Mbuzi wa Shangazi Tabita

Shangazi yangu Tabita aliwachosha wanawake wa Igamba kwa habari ya mbuzi. Kila walipokutana kisimani aliwakumbusha kwamba kaka yake Anania, yaani baba yangu, aliwahi kumchinjia mbuzi mzima bila msiba wala arusi. "Nani kati yenu ana kaka wa namna hiyo?"

Shangazi alikuwa mjane. Nyumba yake na mibuni aliyoachiwa na mumewe vilikuwa bondeni, chini ya bwawa ambalo mzungu mwenye shamba alilijenga apate maji ya kuoshea kahawa. Baba alikuwa mnyapara wa mzungu huyo, na mkalimani wake pia.

Siku ya mbuzi, shangazi na wanawe walishinda kwetu mlimani. Tulikula, tukacheka. Baba mwenyewe hakukaa kula. Alisema ana mgeni shambani.

Jumapili moja ya mvua kubwa, mwaka 1953, tukiwa kanisani, tuta la bwawa likapasuka. Tuliporudi, nyumba ya shangazi haikuwapo, wala kihenge cha ulezi, wala mibuni. Alibaki na kitabu cha nyimbo mkononi.

Akaja afisa wa serikali na karani wake. Shangazi aliomba jambo moja tu: mzungu amjengee nyumba. Afisa akafungua faili, baba akatafsiri. Bwawa lenye watu chini yake huwekwa daraja la hatari kubwa, na mwenyewe hulazimika kulijengea mfereji wa mawe wa kutolea maji yanayozidi. Hili liliwekwa daraja la chini. Mkaguzi aliandika kwamba bondeni mna vibanda vya kulindia ulezi tu, na hakuona moshi wala mtu.

"Alikuja siku gani huyo?" shangazi akauliza.

Baba hakulitafsiri swali hilo. Karani ndiye aliyesoma: Jumamosi ya kwanza ya Agosti, mwaka juzi.

Shangazi akamgeukia baba. "Anania, hiyo si siku ya mbuzi?"

Afisa akataka kujua mama huyo anasema nini. Baba akamjibu kwa Kiingereza: anashukuru.

Nilikuwa nimesoma misheni, neno hilo nikalielewa. Nikamwambia shangazi palepale, mbele ya baba yangu, na sijutii. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hiyo mimi nimeivaa tangu kuzaliwa.

Mzungu akalijenga bwawa upya. Shangazi naye akajenga kwa mikono yake, mahali palepale. Baba alipompelekea paja la mbuzi, shangazi alilirudisha likiwa bado limefungwa katika jani la mgomba.

Tangu hapo, kila aliposikia mkaguzi anakuja, aliwasha moto wa majani mabichi mlangoni, akakaa kando yake akikohoa na kutokwa machozi mpaka mgeni aondoke.

"Waandike," alikuwa akisema. "Leo waandike kuna mtu."