Kerrow na Picha ya Barafu

Watu wakinisifu kwamba niliwafundisha watoto wa Garissa wanyama wa dunia nzima, huwa nakasirika. Nakasirika kweli! Mimi nilitundika picha ukutani tu. Aliyefundisha ni Kerrow, mchota maji wa shule, na alichokipoteza kwa ajili hiyo kinanichoma mpaka leo.

Nilitoka Lamu mwaka 1951, kijana mwenye kanzu safi na majivuno tele. Shule ilikuwa vyumba viwili vya mabati, joto lake usiseme. Kerrow alileta maji kutoka mto Tana kwa punda wawili wakaidi. Alikuwa mrefu, mkavu, anachechemea mguu wa kushoto, na Kiswahili chake kilikuwa cha keya, alichokiokota jeshini wakati wa vita. Nilimdharau, siwafichi.

Wiki ya kwanza haijaisha, nikaingia darasani nikakuta hamna mtoto hata mmoja. Wote wamemfuata mchota maji kichakani! Nikatoka mbio na fimbo yangu, mori umenipanda. Nikawakuta wamechuchumaa kuuzunguka unyayo, na Kerrow anaonyesha kwa kidole. "Hii hirola," alisema. "Jike, iko na mimba, miguu ya nyuma naenda mbalimbali. Imepita kabla ya umande." Hirola ni swala wa upande ule, ana mstari mweupe kati ya macho kama aliyepakwa chokaa. Wafugaji humwacha ale majani pamoja na ng'ombe wao, wakisema penye hirola mifugo haiugui. Watoto walikuwa kimya namna ambayo mimi sikuwahi kuipata, si kwa fimbo wala kwa maneno.

Tukaelewana. Asubuhi mimi, alasiri yeye. Akawaonyesha mahali mamba anapofukia mayai, jinsi swala twiga anavyosimama kwa miguu miwili kufikia majani, na kwa nini usisimame kati ya kiboko na maji. Nami nilikwenda, nikajifunza pamoja na wadogo. Aibu ya nini?

Kazi yake hasa, ile ambayo watu walimheshimia, ilikuwa sahan. Kila kiangazi ukoo wake ulimpandisha ngamia, akaenda siku sita, saba, mpaka karibu na Hulugho, kutafuta malisho. Akirudi, kabla hajanywa hata maziwa, anaulizwa: umeona mwenyewe, au umeambiwa? Kwa neno lake watu wanang'oa nyumba, wanapakia watoto na ndama, wanahama. Mtu wa sahan akisema ameona majani asiyoyaona, ng'ombe wanafia njiani. Aliyesema hivyo mara moja hatumwi tena maisha yake. Kerrow alikuwa ametumwa miaka kumi na tisa, ukitoa ile ya vita.

Na ni yeye aliyezunguka boma kwa boma kuwaombea watoto waje shuleni. Nilimuuliza sababu. Akasema, "Mimi nilijua Tana mpaka Hulugho, nikafikiri dunia kwisha hapo. Keya ikanipeleka Burma. Nikaona miti, Mwalimu, nikaogopa kama mtoto. Hawa wasiogope."

Mwaka wa tatu nikaletewa picha kubwa kutoka Mombasa: msitu wa mvua, jangwa la mchanga, milima, bahari, na nchi ya barafu, dubu mweupe amesimama juu ya bahari iliyoganda. Watoto walikodoa macho. Kerrow naye aliingia, akakaa nyuma. Nilipomaliza akauliza, "Mwalimu, hii baridi, wewe naona kwa macho?"

"Sijaiona," nikasema. "Imeandikwa na walioiona."

"Wewe nasema nao?"

"La."

Akatikisa kichwa, akaenda kwa punda wake. Nikacheka. Lahaula, nilicheka!

Watoto wakayapeleka kwao: mwalimu kasema kuna maji magumu kama jiwe, na mnyama anatembea juu yake. Siku nne baadaye akaja Bulle, mkubwa wa ukoo wa Kerrow, na wazee sita. Watoto kumi na saba kati ya ishirini na wawili walikuwa wa ukoo huo. Wangeondoka hao, shule ingefungwa; barua ya onyo ya serikali ilikuwa mezani kwangu.

Bulle hakugomba. Kisomali nilikuwa nimeshakishika, nikamwelewa neno kwa neno. Alisema mtu anayesimulia nchi asiyoiona ni mwongo, na mwongo hapewi watoto. Nikaanza kufoka, eti ramani, eti vitabu! Hakunitazama hata. Alimgeukia Kerrow. "Wewe umevuka bahari. Sema."

Kerrow akaenda ukutani, akagusa picha ya msitu. "Hii nimeiona. Mvua miezi mitatu, ruba wanadondoka kutoka kwenye majani." Akagusa bahari. "Hii nimeiona." Jangwa na milima akavipita, wala hawakumuuliza.

"Na hii?" Bulle akaonyesha dubu.

Kerrow aliwatazama watoto waliojazana mlangoni. Nilijua Burma aliona joto na matope, barafu hata ya kujaza kikombe hakuiona.

"Nimeiona," akasema. "Baridi yake inauma meno."

Basi. Wazee wakaitikia, wakanywa chai yangu, wakaondoka. Watoto wakabaki. Mimi mpumbavu nikamkumbatia nikimshukuru, naye alisimama tu mikono imening'inia.

Mvua za mwezi wa nne hazikuja. Bulle akarudi na ngamia aliyetandikwa tayari, kama kawaida. Kerrow akamwambia hawezi, mguu umeharibika. Mguu! Asubuhi hiyo alikuwa amepanda ukingo wa Tana mara tatu. Bulle akambembeleza, mwisho akaondoka kwa hasira, wakamtuma Bare, kijana ambaye hajawahi kwenda peke yake.

Nilimfuata mtoni, na sauti yangu ilikuwa ya kilio. "Kerrow, hukusema uongo! Barafu ipo. Dubu yupo. Wallahi ni kweli tupu!"

Alikuwa anajaza debe. Alingoja lijae.

"Najua ni kweli," akasema. "Nakuamini, Mwalimu. Lakini mimi sikuona." Akalibeba debe mpaka kwa punda, akalifunga kamba. "Watu wakihama kwa neno langu sasa, wanahama kwa neno la mtu gani?"

Bare alirudi siku ya nane, akasema ameona majani. Tulisimama na watoto walioachwa wasome mbele ya shule tukiwatazama watu wa ukoo wakipita na mifugo yao yote, na Kerrow aliuliza kila aliyepita kama Bare ameona mwenyewe au ameambiwa. Hakuna aliyejua.