Namba Tisa Ilikuwa Imekatwa

Siku ile nyanya, mama yake baba, alikuwa amepona malaria na alikuwa akitafuta kikapu chake cha mgongoni, kesho yake arudi kuchuma. Tuliishi kambi ya wafanyakazi huko Boito, Wakisii wachache kati ya watu wa makabila mengi, na majani chai yametuzunguka pande zote. Nilikuwa na miaka saba. Mama alikuwa anafua, baba ametoka zamu ya kiwandani amelala. Mimi nilikuwa nimenuna kwa sababu ya sketi ya shule iliyochanika. Ukiniuliza amani ilikuwaje, nitakuambia habari za sketi.

Saa nane mchana nyapara wetu, Mkipsigis mpole, alikuja mbio.

"Mama, ondokeni sasa hivi," akamwambia nyanya. "Vijana wa kwetu wako huko juu, wanachoma nyumba za Wakisii. Na msipite barabara."

Nyanya ndiye aliyeamua. Alikuwa mchumaji wa miaka mingi, na alijua kuwa michai iliyokomaa hufunga juu ikawa kama meza, mtu akitambaa chini yake haonekani. Alimvuta baba kando akamwambia kitu. Kisha yeye, mama na mimi tukaingia shamba lililoitwa Namba Nne. Nilimwona baba akivuka njia kwenda upande mwingine, peke yake. Hakugeuka.

Tulilala kifudifudi.

Mvua ya mawe ikanyesha. Miguu ikapita.

Mtu alikohoa karibu nasi. Mama akaniziba mdomo.

Asubuhi baba alipatikana mbali na sisi, na mshale mgongoni.

"Alitukimbia," mama alisema. Alisema hivyo kaburini, akasema hivyo tulipohamia Nyamira, na miaka yote nyanya alimsikia akanyamaza.

Mwaka huu nilimweleza nyanya kwamba nataka kuweka msalaba wa saruji kwenye kaburi la baba. Amezeeka sana, mimi ndiye ninayemnywesha uji. Alisukuma kikombe.

"Kemunto, baba yako hakukimbia. Mimi ndio nilimtuma."

Nikakishika kikombe kisimwagike.

"Nilisema tusilale mahali pamoja, wakitupata watatumaliza wote. Nikamwambia, wewe enda Namba Tisa, huko majani imefunga." Akapumua. "Nilikuwa nimelala na malaria siku nne. Hizo siku wakakata chai ya Namba Tisa yote. Mimi sikujua. Yeye ni mtu wa kiwanda, angejuaje?"

Mchai ukikatwa hubaki visiki vinavyofika magotini. Hapajifichi hata kuku. Baba alifika pale akitegemea neno la mama yake, akakuta uwanja mtupu, na wakati wa kurudi ulikuwa umekwisha.

"Mbona hukutuambia?"

"Nilingoja mama yako aniulize. Hakuuliza."

Nilikasirika, sitadanganya. Mwanamke aliyenilea alikuwa amemwacha mwanawe aitwe mwoga ili yeye asiulizwe swali. Lakini alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri kupigwa, na mimi sikuwa na nguvu za kumpiga hata kwa maneno. Nikampa tena kikombe.

"Mwambie mama yako," akasema. "Mimi nimechoka."

Nilimkuta mama jikoni anachambua maharagwe. Nilimweleza yote bila kupunguza, hata siku nne za malaria. Vidole vyake viliendelea na kazi, ila niliona anatupa mazima na kubakiza mabovu.

Kwetu mtoto hupewa jina la marehemu wa ukoo, hata wa upande wa mama yake, na ndivyo mtu hurudi nyumbani. Mimi ni mtoto wa pekee wa baba, na nimezaa wavulana watatu. Kila mara nilipendekeza jina la baba, Ombati, na kila mara mama alikataa: jina la mtu aliyekimbia halitaitwa kwenye boma lake. Nilimtii, kwa maana nami niliamini.

"Mtoto wako wa mwisho ana miaka ngapi?" akauliza.

"Kumi na miwili."

"Na bado unaweza kuzaa?"

"Hapana, Mama. Nilishafunga uzazi."

Akaweka ungo chini.

"Basi Ombati ameisha," akasema.