Maji ya Mfongo

Mzee Rogath anaendesha pikapu ileile tangu nilipokuwa nauza nati juu ya gunia, sokoni Kiboriloni. Sasa nina kibanda cha vipuri vilivyotumika. Yeye bado anateremsha ndizi asubuhi na kupandisha majani ya ng'ombe mchana, maana kule juu mlimani ng'ombe hulishwa bandani na majani hayatoshi.

Mwaka huu injini ikaanza kuchemka mlimani. Fundi wa kwanza alitoa themostati. Wa pili akabadilisha pampu ya maji. Wa tatu akafungua silinda hedi. Ikaendelea kuchemka, na mara mbili mzigo wa mama Anyesi, mteja wake mkubwa, ukalala njiani.

Jumanne walikuja kibandani wote wawili, pikapu imejaa majani.

"Ikinilaza leo, kesho nampigia Calvin, gari lake halichemki," mama Anyesi alisema. "Ng'ombe wangu hawali pole."

"Mangi, nipe rejeta nyingine," mzee Rogath akaniambia.

Ningempa. Lakini mteja ambaye gari lake linachemka tena baada ya mwezi huja kukutukana mbele ya wateja wengine. Injini ilikuwa imetoka kuzimwa, nikapitisha kiganja kwenye rejeta. Juu inaunguza, chini baridi kama jiwe la mtoni. Maji hayakuwa yanapita.

"Shikamoo kwanza, mzee. Humu unaweka maji gani?"

"Marahaba. Ya mfongo wetu."

Aliutaja kama mtu anayetaja ukoo. Mfongo ule, mfereji unaoshusha maji mashambani, ulichimbwa na babu yake, naye kila safari husimama hapo kujaza dumu.

"Nimekua kwa maji yale," akaongeza. "Hayajawahi kumdhuru mtu."

"Wewe unakojoa, Rogath," mama Anyesi akamjibu. "Rejeta inakojoa wapi?"

Tuliingoja ipoe, tukaishusha. Jirani yangu Eliakim, mchomeleaji, alibandua kifuniko cha juu na kupitisha waya mwembamba tundu kwa tundu. Likatoka tope jekundu la kukandika banda la kuku. Mzee Rogath alilitazama. Eliakim akachomelea, tukafunga, tukajaza maji ya bomba.

Nilipanda nao. Kazi ambayo haijajaribiwa mlimani haijaisha.

Kwenye kona ya mfongo, mshale wa joto ulikuwa katikati, umetulia. Mzee Rogath akasimamisha gari hata hivyo. Akashuka na dumu, akachota, akaja nalo hadi mbele ya boneti.

"Rogath," mama Anyesi akaita dirishani, "nina simu mkononi."

Mzee akarudi nyuma hatua moja. Kisha akamimina maji viganjani, akanawa uso na shingo, yaliyobaki akayarudisha mferejini.

Tulifika ng'ombe wakilia. Mama Anyesi alishusha fungu la kwanza mwenyewe, akamwambia bila kugeuka:

"Alhamisi, saa tano. Usichelewe."

Dumu lile sasa analijazia bombani kwangu. Maji simtozi, ila boliti hanunui kwingine.